Kijiji Kilichotuhesabu

Nasra mwanangu,

Babako ameshusha sanduku lako hadi ukumbini na kulizungushia kamba, ingawa lina zipu nzima, kwa sababu yeye na zipu hawajawahi kuaminiana. Wewe na ndugu zako mko Balsall Heath kwa shangazi Zamzam, mmeenda kuaga. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka nyumba itulie nikuandikie kwa Kiswahili, polepole, maana nikikwambia kwa mdomo utanijibu kwa Kiingereza, nami nitaudhikia lugha badala ya kuudhikia jambo lenyewe, na tutaishia pale pale tulipoishia Jumapili.

Mambo ya soksi nzito na chakula sitakuandikia. Wewe ni muuguzi, na baridi ya Saint-Orvain, kule Ufaransa unakohamia, unaikumbuka kunishinda. Ninalotaka ni kukusimulia jinsi tulivyokaa kijijini kule na kwa nini tuliondoka. Hadithi unayoijua ni ile niliyowapa mlipokuwa wadogo, na niliipunguza kwa makusudi.

Jumapili nilisema mbele ya watu wote mezani kwamba unaacha kazi nzuri hospitalini, hapa Bordesley Green, Birmingham, mahali unapokwenda kwa miguu, ili ukawaoshe wazee ambao hata salamu walikuwa hawatupi. Ukaweka kijiko chini. Ukanijibu kwa Kiswahili, ndipo nikajua umekasirika kweli.

"Mama, wewe uliondoka. Mimi nilihamishwa."

Niliinuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Unajua kwamba mimi na babako tulilelewa Mombasa, watoto wa watu waliokimbia Kismayu, na kwamba ulizaliwa Lyon tukiwa tunangojea karatasi za kuishi Ufaransa. Tulipozipata tukaambiwa iko nyumba, lakini si mjini, iko kijijini, mbali kidogo. Nilifurahi. Neno kijiji kwangu lilikuwa watoto waliojaa njiani, kuku, wanawake wanaoitana kutoka ua hadi ua. Basi dogo likatushusha kwenye mvua nyembamba mbele ya kanisa. Palikuwa na mnara wa jiwe wenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani, na majina yale yalikuwa mengi kuliko watu wote niliowaona siku ile. Nyumba baada ya nyumba madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Nikamuuliza babako kama watu wamelala. Akasema, "Nadhani wamekwisha."

Walitupa ghorofa iliyokuwa juu ya posta ya zamani. Wewe ulikuwa unaingia darasa la kwanza, Bilal alikuwa ameanza kutamka maneno yanayoeleweka, na Liban nilikuwa bado namnyonyesha. Shule ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, Madame Solange. Asubuhi ya kwanza alikupokea mlangoni, akakushika mabega, akalia. Nilirudi nyumbani nikamwambia babako tumefika kwa watu wenye moyo. Na ni kweli, walikuwa na moyo. Ila sikujua bado wanalia nini.

Babako alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao bondeni. Hapo ndipo alipozoeana na Armand, yule mzee jirani mwenye ng'ombe, ambaye kwa karibu mwaka mzima alinipita mimi kama anapita upepo. Na babako, ambaye babu zake walikuwa wafugaji lakini yeye mwenyewe alikulia mtaa wa Majengo, Mombasa, na hajawahi kumgusa ng'ombe, akafundishwa kukamua na Mfaransa. Alikuwa akirudi jioni ananuka zizi, anacheka peke yake. Umewahi kumwona babako akicheka peke yake hapa Birmingham? Mimi sijamwona.

Mimi nilikuwa na upweke. Gari la mikate likipiga honi nilishuka mbio, si kwa njaa, bali nimwone mtu. Madame Solange aliugundua upweke ule, akawa ananifundisha Kifaransa baada ya masomo yenu, nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yanagonga meza. Nilipopata mimba tena, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kujua baada ya babako, kwa sababu nilihitaji anisomee karatasi za daktari. Alinishika mkono. Nilimwomba asimwambie mtu.

Ulikuwa na miaka saba. Unakumbuka nililala hospitali na kwamba shangazi alikuja kuwaangalia. Hujui yaliyotangulia.

Kulikuwa na mkutano katika ofisi ya meya. Bwana mmoja wa elimu alikuja kutoka mjini, na wazazi tuliitwa, nami nikaenda kama mzazi yeyote, nikakaa nyuma karibu na mlango. Kufikia wakati ule Kifaransa nilikielewa kuliko walivyodhani. Yule bwana alisema watoto ni wachache na darasa haliwezi kuendelea hivi. Meya akasimama kujibu. Alikuwa mama mwema yule, na sitaki ufike huko ukiwa umemchukia. Alisema kijiji kiliomba familia yenye watoto, na familia imekuja. Akasema, "Watoto wa familia ya Kisomali ni watatu, na wa nne yuko njiani."

Watu wote waligeuka kunitazama tumbo. Wengine walipiga makofi.

Nilijifunika mtandio vizuri nikabaki nimekaa. Kumbe tuliombwa. Kumbe kile kilio cha mlangoni, na kuni tulizoletewa, na makoti ya watoto, na gari la kunipeleka kliniki, vyote vilikuwa na hesabu nyuma yake. Kwetu husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa madawati tuyajaze. Na mtoto ambaye sikuwa nimemwambia hata mama yangu kwa simu alikuwa tayari ameandikishwa shule.

Madame Solange alinifuata nje. Akasema alimwambia meya kwa sababu ya hofu ya shule, na kwamba alikosea. Tangu siku ile sikurudi kwenye kile kiti kidogo.

Mtoto nilimpoteza baada ya hapo. Daktari alisema hutokea, hakuna aliyesababisha, nami leo naamini. Wakati ule sikuamini kitu. Nilirudi kutoka hospitali nikajifungia. Wanawake wa kijiji walikuja na supu, na keki za tufaha, na yule bibi wa karibu na kisima alileta soksi alizokuwa amefuma tayari, hakujua azifanye nini. Niliwasikia wakipanda ngazi mmoja mmoja. Sikumfungulia hata mmoja. Vyombo vilikuwa vinabaki pale chini, babako anavikuta akitoka kazini. Nilisema moyoni wanamlilia mwanafunzi.

Kisha akaja Armand. Yeye hakugonga kama wengine. Alisimama tu nje ya mlango mpaka nikadhani ni babako, nikafungua. Alikuwa ameshika kofia mkononi, na nywele zake nilikuwa sijawahi kuziona. Akasema, "Pole kwa mtoto."

Nikamwambia, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko nilichowahi kukisema, "Umekuja kumlilia mtoto au dawati?"

Alivaa kofia yake, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta. Nilijisikia mshindi, Nasra. Nilijisikia hivyo kwa muda mrefu. Tulipokuwa tumeshahamia huku ndipo babako aliponiambia kwamba Armand na mkewe walizika mtoto mchanga, wa pekee waliyempata, na kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kupanda ngazi za mtu mwingine kutoa pole.

Shangazi Zamzam ndiye aliyesema njooni Birmingham. Alisema kuna misikiti, kuna maduka yetu, kuna watu wa Mombasa hata wa mtaa wetu, na pasipoti za Kifaransa tulizopata wakati ule zilituruhusu. Babako hakutaka. Alisema kazi anayo, watoto wanasoma, na nyumba ina joto. Nikamwambia sitazaa wanafunzi wa watu. Alinitazama sana. Kisha akasema, "Haya." Nimeishi na "haya" ile mpaka leo, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyousikia uzito wake.

Siku ya kuondoka wewe ulikataa kuingia garini. Ulishika mlango wa shule. Madame Solange ndiye aliyekutoa vidole, kimoja kimoja, akikunong'oneza kitu ambacho hujawahi kuniambia, na babako akakubeba. Nilijiambia mtoto husahau. Nilikuwa nimekaa mbele, nimefunga mkanda, natazama barabara.

Sitaki ufikiri nimejuta kuja hapa. Asubuhi ya kwanza kwa shangazi yako nilisikia mwanamke dukani akibishana bei ya ndizi kwa Kiswahili cha kwetu, nikasimama nyuma yake nikasikiliza mpaka akageuka kuniuliza kama nina shida. Mlikua mkijua sala, mkijua jamaa, na hakuna aliyetaja majina yenu kama anatafuna kokoto. Hayo nilikuwa nayataka, nami nikayapata. Ila nilidhani nikifika mahali ambapo hakuna anayenihesabu nitapumzika. Majira ya baridi ya kwanza hapa niliugua kifua, babako yuko kwenye teksi usiku kucha, na nililala ndani siku nyingi bila mtu kugonga. Si ubaya wa mtu. Kila mmoja alikuwa na kazi zake mbili. Lakini nililala nikisikiliza ngazi.

Babako alikuwa akimpigia Armand Jumapili asubuhi. Aliendelea hadi mzee alipofariki. Jumapili moja alikata simu akasema, shule imefungwa. Alisimama jikoni akinitazama naanua nguo kwenye kamba ya ndani, nami nikaendelea kuanua hata zilizokuwa mbichi. Tangu siku ile niliamini kwamba sisi ndio tuliozima kijiji kile. Mimi, hasa. Niliibeba imani hiyo nikaifanya hasira, kwa sababu hasira hubebeka. Ndiyo maana kila ulipotaja Saint-Orvain nilibadilisha mazungumzo, na ulipoomba kwenda kutembea nilisema nauli hatuna.

Mwaka jana ukaenda kwa pesa zako, ukarudi na picha. Uliniketisha kwenye sofa ukanionyesha moja moja. Posta ina rangi mpya. Nyumba zilizokuwa na mbao madirishani zina maua. Hizi za Waholanzi, ile ya watu wa Paris wanaofanya kazi kwa kompyuta. Wazee tuliowajua wamekwisha, isipokuwa wachache, na hao wasio na mtu wa kuwashika mkono ndio wanaokungoja wewe. Ukafika kwenye picha ya shule. Mzee na mkewe wamesimama mlangoni, wameinunua, wameweka vitanda chumba kile cha darasa. Ukacheka, ukasema, "Mama, they're from Northfield." Wametoka hapa hapa Birmingham.

Ulikuwa umekaa nao, wamekupa chai ya maziwa. Walikwambia waliondoka kwa sababu Birmingham imebadilika mno, hawaijui tena. Nawe ulikuwa umewasikiliza bila kukasirika, na mzee ana ugonjwa wa kutetemeka, na mkewe hajui Kifaransa cha kumwambia daktari. Nilitazama picha ile kwa muda. Watu waliokimbia mji kwa sababu ya watu kama sisi, wamelala katika kijiji tulichokikimbia sisi kwa sababu ya watu kama wao. Sikuona cha kuchekesha. Sasa nakiona kidogo.

Kuna picha moja hukunionyesha. Liban ndiye aliyenionyesha, wiki iliyopita, akidhani naijua. Ukuta wa ghorofa ile ile tuliyokaa, ambako wanataka kuziweka familia nyingine zilizokimbia kwao, na mtu ameandika kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni kwetu. Picha ile ndiyo iliyozungumza Jumapili, mama. Sikuwa na ubishi na wazee wako. Niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa natukana kitu kilicho karibu.

Leo mchana, mlipotoka, nilimwomba babako namba ya Madame Solange. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa nayo kwenye simu muda wote huu. Akaniwekea simu sikioni kama mtu anayemwekea mgonjwa kipimajoto, akatoka nje akajidai anaosha gari.

Kifaransa changu kimeota kutu. Nilisema jina langu, naye akasema jina lako, la Bilal, la Liban, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nikamwambia sikupiga kwa ajili ya kusalimu tu. Nikamwambia nasikitika kwa shule. Nilisema kwamba tungebaki isingefungwa, na kwamba najua walitegemea watoto wangu, nami niliwachukua kwa hasira.

Akasema hapana. Akasema uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa tangu kabla ya Pasaka ya mwaka ule tulioondoka, wakati sisi bado hatujamwambia mtu kwamba tunahama. Bwana yule wa elimu aliwapigia simu yeye na meya. Hata tungebaki, hata yule wa nne angeishi, mlango ungefungwa. Walijua. Waliendelea kutuletea kuni wakijua.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningekwambia nini? Kwamba sasa hatuwahitaji? Wewe ulikuwa tayari unaamini hicho ndicho pekee tulichokitaka kwenu. Nilitumaini mtabaki bila sababu."

Nilikaa kwenye ngazi, Nasra. Hapo hapo karibu na sanduku lako.

Ungedhani ningefarijika. Mzigo wa shule umenitoka, kweli. Lakini umeniachia mwingine: kwamba supu ile ilikuwa supu tu. Soksi zilikuwa soksi. Mwanzoni walituhesabu, na meya alikosea siku ile, sitamsafisha. Ila mahali fulani kati ya makofi yale na siku tuliyopakia gari waliacha kuhesabu, nami sikuona, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu mimi.

Sijui kama hili ni funzo. Naona tu kwamba wewe nawe watakuomba kwa sababu ya upungufu wao. Muuguzi hakuna, wamepata muuguzi, basi watafurahi, na wengine watafurahi huku hawakupendi. Mzee wa Northfield anaweza kukushika mkono asubuhi na kunung'unika jioni juu ya wale wanaoletwa pale posta, bila kuona kwamba anakuzungumzia wewe. Mimi nilitaka kila anayenijia aje na moyo uliosafishwa kwanza, ndipo nimfungulie. Watu hawaji hivyo. Huja na shida yao mkononi kama kofia. Wewe utajua mwenyewe yupi wa kumfungulia na yupi wa kumwachia ngazi zake. Siwezi kukuchagulia, na hata sikujichagulia vizuri.

Na ule ukuta sitakudanganya kwamba haunisumbui. Ukiogopa, sema unaogopa. Usinifiche kwa kunionea huruma. Nimeshafichwa mambo kwa huruma, na naona matunda yake. Kama utachoka kuwa mtu wa faida, kumbuka kwamba mtu anaruhusiwa kukaa mahali bila kuwa na faida, na anaruhusiwa kuondoka pia bila kuwa na lawama. Hilo la pili nakuomba uniamini zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu najua ulivyo. Usiende kulipa chochote kwa ajili yangu. Hakukuwa na deni, na kama lilikuwepo lilikuwa kwa Armand, naye hayupo.

Ulisema ulihamishwa. Ni kweli. Nilipaswa kukushika mkono nikuulize, hata kama ningeondoka vile vile. Ulikuwa mtu tayari, na nilikubeba pamoja na vyombo.

Madame Solange atakungoja stesheni na gari lake. Babako anasema kwa mujibu wa Armand huyo mama anaendesha vibaya sana, kwa hivyo funga mkanda na usimwonyeshe kwamba unashika kiti. Nilianza kumwambia kwamba huli nguruwe, akanikata kauli, akasema anakumbuka. Kisha akaniuliza kama mimi nitakuja siku moja. Nilitafuta neno kwa Kifaransa nikalikosa, nikasema sijui, tukaagana.

Neno nililolikosa nalijua kwa Kiswahili. Kaa kwanza, pata nyumba, ujue nani anakusalimu na nani hakusalimu. Halafu, ukiona inafaa, nialike.

Mamako